Betri za Mzee Twizeyimana

Taa nyekundu iliwaka kabla ya wakati wake. Rugamba aliliona hilo mara moja, na kwa kuwa siku hiyo alikuwa na haraka, alishukuru badala ya kuogopa.

Ilikuwa msibani, ndani ya nyumba ya udongo ya Mzee Twizeyimana, upande wa Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Mzee alikuwa amelazwa ndani ya jeneza katikati ya sebule, watu wake wamejipanga nyuma yake bega kwa bega, na pasta amesimama mlangoni akiyatazama mawingu. Jeneza halikupigiliwa misumari kabla ya picha. Watu wale wa milima ya Kivu Kusini walijizoeza hivyo tangu vita viwatawanye: mtoto aliye Kanada na mwenzake aliye Australia hawawezi kuja kuzika, basi watumiwe picha ya mwisho, ukoo mzima ukiwa pamoja na marehemu, nao waiweke mbele yao walie. Na mpiga picha wa kuaminika kambini, tukiwaacha wale wa kubahatisha, alikuwa Rugamba.

Sebule ilikuwa na kidirisha kimoja tu, kwa hiyo bila flashi hapakuwa na picha. Mwaka huo wa 2005 Rugamba alikuwa bado anatumia kamera ya filamu, na juu yake alichomeka flashi ya kula betri nne ndogo. Asiyeijua kazi hii hudhani mwanga wa flashi huja tu ukibonyeza. Sivyo. Flashi lazima ijazwe kwanza. Utasikia ndani yake mluzi mwembamba ukipanda, ukipanda, mpaka unapita uwezo wa sikio, ndipo taa nyekundu ya nyuma inawaka kukwambia tayari. Utangoja kiasi gani, inategemea umeilisha nini. Ukiilisha betri za alkalini za kununua Mbarara, unangoja kidogo tu. Ukiilisha betri za kuchaji, inajaa upesi kuliko zote, bibi harusi hajafumba mdomo imeshajaa, ila zikiisha zinaisha ghafla bila kuaga. Zile za bei rahisi za redio, zinazouzwa katika kila kibanda cha kambi, zinatoa picha chache, kisha mluzi unaanza kujikokota na watu wanachoka kukaza nyuso.

Alkalini zake zilikuwa zimeishia harusini jana yake, naye kwa uzembe wake hakununua nyingine. Alikuja msibani na zile za redio. Picha ya kwanza ilitoka. Ya pili, mluzi ulinguruma chini chini ukakwama hapo hapo. Watoto wakaanza kujikuna, mawingu yakashuka, pasta akakohoa.

Ndipo Rugamba alipoona, juu ya kigoda karibu na kichwa cha jeneza, kisahani chenye betri nne. Redio ya mzee ilikuwa pembeni, mgongo wake wazi. Kambi nzima iliijua redio ile. Ilisema mchana na usiku, mvua na jua, hata wenyewe wakiwa shambani. Rugamba akadhani wamezitoa betri ili redio ikae kimya kwa heshima ya msiba, kama inavyotakiwa. Akaona ataziazima tu, atazirudisha kabla hajaondoka. Mjane, Mukarukundo, alikuwa amejifunika kitenge usoni, na hakuna mwingine aliyekuwa akitazama kisahani.

Alipofunga kifuniko cha flashi, mluzi haukusikika. Taa nyekundu ilikuwa imeshawaka. Akabonyeza, mwanga ukajaa nyumba nzima, na kidole chake kilikuwa hakijaachia taa ilipowaka tena. Betri za redio, tena zilizotumika! Alimaliza filamu nzima bila kungoja hata mara moja. Kisha misumari ikapigwa, mvua ikaanguka, watu wakakimbilia kaburini, na betri za mzee zikaenda nyumbani ndani ya mkoba wa Rugamba.

Kesho yake alipofungua flashi azitoe, alikuta zimevimba na kupasuka, zimefunikwa na unga mweupe, zikinuka chuma kilicholowa na nywele zilizoungua. Hakuthubutu kumpelekea mjane uchafu ule. Akautupa chooni, akajitia hamnazo. Halafu akaitazama flashi pale mezani. Ilikuwa tupu, kifuniko wazi, na taa nyekundu inawaka. Akabonyeza, na mwanga ukatoka.

Huko nje mkewe, Kabanyana, aliyekuwa akimimina maziwa, aliangusha chombo. Alisema mkono umeteleza, wakacheka, akachukua kingine.

Simlaumu Rugamba kwa furaha iliyofuata. Ulikuwa msimu wa harusi, na hakuna mpiga picha duniani ambaye hajaota flashi isiyokula betri. Alikwenda Kabingo, akaenda Isingiro, akapiga picha mfululizo mpaka wapiga picha wa huko wakaanza kumwonea kijicho. Aliwaambia ni aina mpya ya betri. Kila aliporudi nyumbani alimkuta Kabanyana amelala.

Alikuwa mwanamke wa nguvu, huyu Kabanyana, aliyetembea kutoka milimani hadi Uganda na mtoto wao Anne mgongoni. Sasa alikuwa anapumzika akifagia. Zahanatini walimpima malaria hawakuiona, wakampa vidonge vya damu. Mashavu yaliingia ndani na macho yakabaki makubwa. Jioni moja alimwita mumewe kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mgonjwa mwingine asiyetakiwa kuamshwa.

"Baba Anne, kuna mutu iko ananikamua," alisema. "Kama vile banakamua ngombe. Haiko maumivu. Anakamua, anaacha, anakamua tena."

Rugamba alimwambia ni uchovu. Lakini neno hilo halikumtoka kichwani, na Jumamosi iliyofuata alirudi mapema kutoka harusini, jua likiwa bado kali, akaingia chumbani kulikokuwa na giza la madirisha yaliyofungwa. Kabanyana alikuwa amesinzia kwenye mkeka. Rugamba akaketi kando yake kuvua viatu, na hapo akausikia mluzi.

Alidhani ni flashi, akaitoa mkobani na kuiweka sikioni, nayo ilikuwa kimya kabisa, baridi, haina hata mtetemo, wakati mluzi ulikuwa unaendelea, mwembamba, ukipanda taratibu namna ile ile anayoijua kuliko sauti ya mama yake mzazi, na alipoinama kuutafuta, akapita mkeka, akapita mto, akaweka sikio kifuani pa mkewe, aliukuta humo, chini ya mbavu, ukipanda na kupanda mpaka ukawa mwembamba usiosikika tena, na hapo hapo, mkononi mwake, taa nyekundu ikawaka.

Alikaa vile vile mpaka Kabanyana akaamka, akamuuliza mbona analia.

Wiki iliyofuata alikwenda Mbarara kuchukua picha zake kwenye studio alikozoea kusafishia filamu. Fundi wa pale, Mnyankole aliyeitwa Tumuhairwe, mtu wa utani siku zote, siku hiyo hakumtania. Alimpeleka nyuma ya pazia, akamtandazia picha mezani.

"Ssebo, hii mwanga si ya kamera yako," alisema. "Ona kivuli. Ukipiga flash, kivuli nakwenda nyuma ya watu. Hapa kivuli nakuja kwa wewe."

Ilikuwa kweli. Maharusi wa Kabingo walikuwa wamesimama na vivuli vyao vimelala mbele yao kuelekea kwenye kamera, kana kwamba aliyewamulika alikuwa nyuma yao, mbali. Katika picha za Isingiro mwanga ulitoka kushoto, na katika nyingine kulia. Tumuhairwe hakuelewa. Rugamba alizitazama moja moja, akikumbuka alikuwa amesimama wapi na uso wake umeelekea wapi, akaona kwamba katika kila picha mwanga ulikuwa unatoka upande wa Nakivale, upande wa nyumba yake, kule alikomwacha Kabanyana amelala.

Fundi akaomba flashi, akaifungua. Akaona patupu pa betri, akaona taa inawaka, akairudisha mezani akapangusa vidole kwenye suruali.

"Manda iko wapi?" aliuliza, akimaanisha betri.

Rugamba alisema hakuna.

"Sasa nakula nini? Ukipa manda mbaya, nakula pole pole. Ukipa mzuri, nakula mbio. Lakini hakuna flash nakula hewa." Akasogea nyuma. "Weka manda, mzee. Weka ya nguvu. Na usirudi na hii kitu hapa."

Rugamba aliondoka akapita duka moja la Ruti, pembezoni mwa mji, akanunua alkalini, akazitia ndani ya flashi papo hapo barabarani. Alipofika nyumbani jioni, Kabanyana alikuwa ameketi nje anapepeta maharage. Alikuwa na njaa. Alikula, akaomba kuongezewa, na Rugamba akageuka pembeni asimwone akifuta macho.

Basi akajua kazi yake mpya. Kitu kile kilikuwa kinakula, kisipopewa betri kinamla Kabanyana. Hakupiga tena picha kwa flashi, lakini flashi ilikula bila kupiga, taa yake ikiwaka rafuni mchana kutwa. Za redio zilikuwa kama kumpa ng'ombe majani makavu: hazikumaliza hata saa moja, na Kabanyana akaanza kushika ukuta. Alkalini zilimfikisha jioni. Za kuchaji zilidumu zaidi ya zote, na siku za betri hizo alikuwa mzima kabisa, anaimba, anagombana na jirani kuhusu kuku. Ila zilipoisha zilikatika mara moja, akaanguka pale alipo, na mara mbili karibu aangukie motoni. Tena za kuchaji zilitaka umeme, na umeme ulikuwa kwa wenye jenereta, ambao waliwasha walipotaka.

Aliuza ng'ombe wake pekee. Aliuza baiskeli. Maji yalimfika shingoni, na kitu kile kilizidi kuwa mlafi, mpaka alkalini zilizokuwa zikifika jioni zikawa hazipiti alasiri.

Alimwambia pasta. Wakaja waombaji nyumba ikajaa, wakaiweka flashi katikati na kuizunguka, wakaimba, wakakemea kwa jina la Yesu pepo atoke. Katikati ya maombi ule mluzi ulisikika, na wote wakageuka kumtazama Kabanyana, kwa maana ulikuwa unatoka kinywani mwake kilichofumbwa, ukapanda juu ya nyimbo zao, ukapanda mpaka nyimbo zikakatika moja moja, na mwanga ukapasuka, mweupe, ukiwaonyesha wote nyuso zao zilivyo na hofu. Kabanyana alianguka. Waombaji walitoka taratibu mmoja mmoja, na pasta akasema wataendelea kumwombea wakiwa makwao.

Hapo ndipo Rugamba alipopiga moyo konde akaenda kwa Mukarukundo, mjane wa mzee, akamweleza alichofanya siku ya msiba. Mama yule alisikiliza akiwa amejishika mdomo. Hakukasirika, na Rugamba angeona afadhali angekasirika.

"Zile pile za redio tulitaka kuziweka mu jeneza," alisema kwa kunong'ona, akitazama mlango. "Chini ya kichwa yake. Muzee alituapisha. Miye nilizani batoto balishaziweka."

Akamweleza. Kitu kile kilikuja na mzee kutoka milimani, na mzee mwenyewe hakuwahi kusema alikipatia wapi. Kilimla mke wake wa kwanza. Baadaye akajifunza kukifunga ndani ya redio na kukilisha, na mke wa pili akapona.

"Miye njo wa pili," alisema. "Ile redio haikuzimika hata siku moja. Ulizani alipenda habari? Alinunua pile mbele ya chumvi."

Rugamba aliuliza kwa nini kisimle yeye aliyekichukua.

"Hakikuli mwenye kukibeba. Kinakula ule uko karibu na roho yake. Huyo akiisha, kinatafuta mwingine."

"Na kinatoka namna gani, Mama?"

"Kinaingia mu udongo na mutu. Na ule alikibeba, ao na ule kilikula. Ukikitupa mu ziwa utakikuta nyumbani, muzee alijaribu. Njia ingine haiko."

Rugamba alikusudia kumficha mkewe, lakini walikuwa wameishi pamoja miaka mingi mno. Kabanyana aliisoma habari yote usoni pake, akambana mpaka akaisema. Kisha akauliza juu ya Anne, binti yao, aliyekuwa anasoma shule ya bweni Isingiro, na ambaye likizo yake ilikuwa inakaribia.

"Nikiisha miye, kitamufuata Anne," alisema.

Rugamba akasema hataisha, atatafuta betri, atafanya kazi ya kubeba matofali, atakilisha kama mzee alivyokilisha mpaka siku yake mwenyewe ifike, ndipo aende nacho.

"Muzee alikuwa na pile za mwezi muzima. Weye hauna za kufika mangaribi." Akamshika mkono. "Kikinimaliza, ukiweke na miye, Baba Anne. Chini ya kichwa. Mbele mutoto hajafika. Uniapie."

Akaapa. Angefanya nini?

Asubuhi ya pili yake alitia alkalini mpya, akapanda lori la ndizi kwenda Mbarara na betri zake za kuchaji, kwa kuwa jenereta za kambini zilikuwa hazina mafuta. Akakaa kwenye kibaraza cha duka akizilinda mpaka zikajaa. Alipata lori la kurudia mapema, na njiani, akiwa amezikumbatia betri zenye joto, alihesabu kwamba zile za asubuhi zitakuwa hazijaisha. Alihesabu sawasawa.

Alkalini nne za asubuhi zilikuwa zimetolewa na kupangwa dirishani, safi, hazijavimba, zikiwa bado na nguvu zake. Kabanyana alikuwa ameketi ameegemea ukuta, amevaa kitenge chake cha kanisani, flashi mapajani, kifuniko wazi. Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Nyumba ilinuka nywele zilizoungua. Rugamba alizisukuma betri za kuchaji ndani ya flashi, akafunga, akafungua, akageuza, akafunga tena, akimwita kwa jina lake la usichana, akimwambia zimejaa Mama Anne, zimejaa hizi, mpaka majirani walipoingia wakamwondoa juu yake.

Kesho yake alimwomba pasta amwache peke yake na jeneza. Alikuwa ameifunga flashi kwa kitambaa ndani ya koti. Aliinua kichwa cha mkewe, chepesi mno, akaiweka chini yake, akaona wekundu ukipenya kitambaa, ukimgusa Kabanyana shingoni na sikioni. Na hapo, badala ya kufunga, alibaki akitazama, akiwaza kifuniko kikishuka na udongo ukijaa, na Kabanyana kule chini gizani, hawezi kugeuka, hawezi kuita, na kitu kile kiko chini ya kichwa chake kinawaka, kinamkamua, maana nani amewahi kurudi kusema kwamba kikifika kaburini kinaacha kula, na kama hakiachi, basi atakuwa amemzika mkewe akiwa chakula, mwaka hata mwaka, yeye aliyeapa madhabahuni kumtunza. Hakuweza. Alimpenda mno, na hilo ndilo lililowamaliza. Akaitoa, akakunja kitambaa kitupu akakiweka chini ya kichwa chake, akaita waje na misumari.

Nia yake ilikuwa kuishi nacho peke yake. Anne alipofika kwa mazishi, alimtaka arudi shuleni siku ile ile. Anne alikataa. Alisema hawezi kumwacha baba yake anakula ugali wa jana, akafunga kitenge cha mama yake kiunoni akaanza kufagia.

Siku za kwanza zilikuwa shwari. Rugamba aliificha flashi ghalani chini ya magunia, akaitia betri za kuchaji, na zilipoisha akatia alkalini za akiba, na kitu kile kilikula polepole mno hata akaanza kufikiri kwamba kimeshiba. Alilala usingizi. Alimsikia Anne akicheka na jirani, akajiambia kwamba amefanya vizuri kutokitia kaburini.

Halafu mchana mmoja akaingia ghalani akakuta alkalini alizotia asubuhi zimepasuka, zimefunikwa na unga mweupe. Hakuwa na nyingine. Alitoka nje mbio. Anne alikuwa akimletea sahani ya chakula, na alipofika kizingitini aliketi ghafla, sahani bado mkononi, akaitazama kama hajui ni ya nani.

"Haiko kitu, Papa," alisema, akijaribu kutabasamu. "Minachoka tu."

Rugamba alikuwa ameshaanza kukimbia. Kibanda cha kwanza kilikuwa kimefungwa. Katika cha pili muuzaji alipapasa rafuni, akamwekea mbele yake zile za bei rahisi za redio, akasema ndizo zilizobaki, alkalini zitakuja na lori la Jumatatu. Rugamba akazichukua zote, akageuka nyumbani akikimbia. Ilikuwa Ijumaa, na jua lilikuwa bado utosini.